Mistari ya Penseli

Mwezi wa sita wageni wa Maskati huhama,
mikataba imekwisha, makontena yamejaa,
na visivyoenea kwenye makontena
huletwa kwangu Ruwi, ndani ya maboksi ya ndizi,
nyuma ya duka la Mhindi wa zipu na vifungo.

Nimeshajua kuihesabu miaka kwa maboksi.

Ulikuwapo mwaka wa wanyonya damu.
Majalada meusi, shingo ndefu, ukungu.
Nje nyuzi arubaini na nane, lami inalainika,
na mabinti wa Al-Khuwair wamejifungia vyumbani
wakimlilia kijana wa barafu asiyestahimili jua.
Shinuna, mtoto wa dada yangu, aliniambia,
"Mama mdogo, huyu angekaa hapa asingefika adhuhuri."
Akakisoma mara ya tatu.

Kisha, sijui nani alipiga kengele,
wanyonya damu wakawa watatu kwa riali moja,
halafu watano,
halafu wa kuzuilia mlango usipigwe na upepo.
Zikaingia serikali dhalimu za miaka ijayo,
watoto wenye namba badala ya majina,
na daima msichana mmoja anayesema hapana.
Ghalya alizinunua zote kwa pesa za Idi,
akagoma kuvaa sare ya shule
mpaka mama yake alipotaja neno simu.

Wakaja wagonjwa, wanapendana wodini
na kufa kabla ya sura ya mwisho.
Mwaka ule niliuza tishu kuliko vitabu.

Sasa ni majoka, na wafalme wenye mbawa,
kurasa mia sita, kingo zimepakwa dhahabu.
Ibtihaj haulizi tena hadithi inahusu nini.
Anauliza, "Mnacho cha maadui wanaoishia kupendana?"
kama anayeagiza chai:
sukari kidogo, iliki nyingi.

Mimi na ufutio wangu tunajua jambo jingine.
Usiku, duka limefungwa, kiyoyozi kinadondosha maji ndooni,
nafuta mistari ya penseli ili kitabu kiuzike.
Kwa mnyonya damu wamepigia mstari
pale anaponong'onezwa, *wewe tu ndiye unayeniona.*
Kwa muasi, *walinihesabu, hawakuniita.*
Kwa mgonjwa, *mama anaitazama mashine, hanitazami mimi.*
Kwa joka, na hapa karatasi ilikaribia kutoboka,
*nimerudi nyumbani, na nyumba imenisahau.*
Miaka ishirini nafagia vumbi la ufutio mezani
na vumbi ni lile lile.

Zama zetu sisi, walikuwa wapelelezi.
Koti refu, bastola, mrembo anayesema uongo.
Vitabu vya kihuni, alisema shangazi.
Kimoja nilikisokomeza ndani ya kanga,
nikashuka nacho uwanja wa Seeb, miaka kumi na mitatu,
Kiarabu changu kinateleza kama sabuni,
na kila nyumba tuliyokaribishwa, kabla kahawa haijamiminwa,
*Nyinyi wa wapi?*
Wa hapa, alijibu baba.
Walitabasamu, wakauliza tena.

Juzi nimekitafuta. Hakina jalada, kinanuka karafuu na mende.
Nilidhani nitakuta nimepigia mstari risasi,
au lile busu lililotufanya tufunge mlango.
Ukurasa wa arubaini na moja, mstari umepinda,
mkono wa mtoto:
*Akafika hotelini usiku, akavua viatu.
Hakuna aliyemuuliza ametoka wapi.*

Nikakaa.
Mhindi alikuwa akishusha shata, akaniita mara mbili.

Ufutio nimeutia kwenye mtoto wa meza.
Boksi la Ibtihaj liko mlangoni, majoka saba,
ameshawachoka, anataka nafasi kabatini
kwa kitakachokuja, ambacho simwulizi.
Nimeandika bei kwa kalamu ya wino:
baisa mia tano kila kimoja,
pamoja na mistari.